Siri ya Khairat na Asimptoti Mlalo

Jumatatu, 10 Machi 2025
Khairat ana siri. Leo Mwalimu Bartolomayo kaandika swali la asimptoti mlalo, ule mstari ambao grafu huusogelea ikienda mbali kabisa. Sijachora hata mhimili, Khairat kashajibu: y ni 3. Bila kukokotoa! Ijumaa kuna jaribio, swali moja tu. Atakayekosa atasimama ubaoni awaeleze wenzake. Mimi, ambaye sauti hukwama hata nikiitwa jina kwenye mahudhurio!

Jumatano, 12 Machi
Nimemfuatilia hadi Majengo, kwenye duka la nafaka la mama yake. Nikajibanza nyuma ya magunia ya alizeti. Vumbi! Nikapiga chafya. Mama akauliza, mwanangu, unanunua au unachungulia? Nikamwamkia, nikanunua nusu kilo ya ulezi. Sijui kwa nini ulezi.
Ila nimeona! Daftarini mwa Khairat: juu 6x² + x, chini 2x² − 5. Kazungushia 6, kazungushia 2. Basi. Namba ya kwanza juu, ya kwanza chini, gawanya. Kumbe!

Alhamisi, 13 Machi
Nimejaribu maswali manne ya kitabu. Yote sahihi!
Mchana Khairat kanifuata mwenyewe. Eti mama yake ananisalimu, anauliza mafua yameisha? Kisha, bila kuombwa, kasema nitafute x yenye kipeo kikubwa, ile namba ndogo begani mwake, juu na chini, hata ikiwa imejificha mwisho. Vipeo vikilingana, nigawanye namba zilizo mbele ya x hizo.
Nani anatoa siri bure? Mtego huo. Nikamshukuru kwa upole.

Ijumaa, 14 Machi
Swali: juu 9 + 4x², chini 3 + 2x². Tisa kwa tatu, tatu! Nikamaliza wa kwanza. Nikamwonea huruma Khairat, kaandika 2.
Jibu ni 2. Darasa zima wamepata, kasoro mmoja.
Dakika kumi na mbili ubaoni. Chaki imelowa mkononi. Mwalimu kauliza, x ikiwa milioni, Sila, hiyo 9 inaonekana wapi? Nikasema, mwanzoni. Wamecheka mpaka darasa la jirani wakachungulia. Khairat peke yake hakucheka. Alininong'oneza: kipeo, kipeo. Kwa nini hakucheka?

Jumapili, 16 Machi
Ibada nzima nimewaza. Mwalimu aligeuza swali makusudi. Na mchele wake ananunua kwa nani? Kwa mama Khairat! Nimemwona kwa macho yangu.
Jumatano kuna jaribio jingine. Safari hii hawanipati. Namba ya mwisho juu, ya mwisho chini. Nimeijaribu kwenye swali la Ijumaa: nne kwa mbili, mbili.
Sahihi kabisa!