Vita vya Kurasa za Karanga

Tueni magunia, enyi watu wa Kamatanda hapa Likasi! Nyamazisheni masufuria, enyi mama wa Shituru, ingawa katika Zaire hii ya leo masufuria yenyewe hayana kelele nyingi! Nawasimulia vita vya Symphorien, simba wa msamiati, mteka maneno ya Kiingereza.

Shujaa huyu alikuwa karani wa kiwanda cha shaba, mpaka mtambo uliponyamaza na mishahara ikayeyuka. Tangu hapo watu walimpita njiani pasipo kumsalimu, na hilo lilimuuma kuliko njaa. Ndipo ikatangazwa kwamba mhubiri asemaye Kiingereza anakuja kutoka Ndola, ng'ambo ya mpaka. Kanisa zima likaingia katika mfungo, likitafuta mkalimani mwenye maneno mazito na tumbo tupu. Symphorien akaapa kuwa nafasi hiyo ni yake, ili asalimiwe tena.

Lakini ole! Kamusi pekee ya Kiingereza na Kifaransa aliyoifahamu ilikuwa sokoni kwa Mama Gertrude, muuza karanga, ambaye alikuwa akiichana ukurasa baada ya ukurasa kuwakunjia wateja karanga. Herufi R ilishakwenda nao. Sasa ilikuwa zamu ya S.

"Mama mutukufu," akanguruma Symphorien, "unipatie ile karatasi!"

"Bila karatasi, karanga nitatia mu mukono ya bantu? Kwenda uko!"

Shujaa akashusha bendera, akaomba kazi ya kukunja. Akaketi katikati ya adui, yaani karanga za kukaanga, harufu ikimchoma mbavuni. Na hakuna ukurasa aliouachilia kabla ya kuukariri, hata wateja wafoke namna gani.

Mara akatokea Mama Clotilde, mke wa pasta, askari wa mfungo. Akaona midomo ya Symphorien ikicheza.

"Papa Symphorien! Tuko mu jeûne, na weye unatafuna?"

Ukalimani ulikuwa unamponyoka.

"Sikukula hata moya, Mama! Niko nasoma maneno!"

"Fungula kinywa."

Soko likasimama. Shujaa akafungua lango la ngome, Mama Clotilde akachungulia jino kwa jino, na chini ya ulimi pia. Hakuna ganda, hakuna chembe. Na kwa kuwa kinywa kilikuwa wazi tayari, maneno yakatoka mbio: "Salvation! Sanctify! Sanctuary!" kila moja na tafsiri yake: wokovu, kutakasa, mahali patakatifu.

"Ayi, Yesu!" Mama Clotilde akarudi nyuma. "Mu hii kinywa hamuna chakula, muko maneno tu. Weye njo utasimama kando ya muhubiri!"

Andikeni basi, enyi wenye kalamu: mbele ya mlima wa karanga, mwana wa Likasi alishinda bila kutafuna. Naye akalia machozi ya furaha mbele ya wateja wote, wala hakuona haya.