Beberu Aitwaye Odera

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Mungu si Athumani! Mama Kabibi, mwenye nyumba wetu hapa mtaa wa Kisumu Ndogo, Malindi, anakipangisha chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani. Mimi natengenezea redio kule nyuma, ukuta mmoja na choo. Wateja hunisalimu wameziba pua. Odera, jirani yangu, naye anakitaka kwa michezo yake ya video. Mama Kabibi kaamua: atakayevuta watu wengi uani Jumamosi ndiye atakipata. Odera akanipa pole mapema. Hajui nina kompyuta kuukuu niliyoachiwa na Mtaliano, ya 1984, inayosoma michezo kwenye kaseti. Nitautunga mchezo mpya kwa mikono yangu. Kyalo, wewe ni kiboko!

Jumatano, 6 Agosti
Mchezo tayari! Shamba la mahindi, kama yale ya kijiji cha Ganda. Mchezaji anamtupia mawe beberu mwizi. Beberu ana kitambi na kofia nyekundu, kama mtu fulani. Nimemwita Odera. Akiyamaliza mahindi, anacheza ngoma. Dosari moja tu: mawe yanampita bila kumgusa. Nimeitafuta hadi macho yamevimba. Basi. Nani atagundua?

Alhamisi, 7 Agosti
Kaseti hazipatikani Malindi nzima. Nimeurekodi mchezo kwenye ile ya harusi yetu. Mke wangu Mueni hajaisikiliza tangu redio yake iharibike. Redio yenyewe inangoja zamu kwangu, mwaka wa tatu. Kilichofutika ni hotuba ya baba mkwe tu. Tena ilikuwa ndefu.

Jumamosi, 9 Agosti
Ushindi! Odera alileta skrini pana kama mlango. Watu wote wakamwendea. Nikawasha kaseti. Ikatoka kwanza sauti ya baba mkwe, mwanzo wa hotuba, akimwomba Mungu anijalie akili. Watu wakaitikia amina. Mueni akasimama.

“Kyalo, hiyo si sauti ya baba?”

Kaseti ilianza kupiga kelele, kama paka ndani ya sufuria, maana ndivyo mchezo unavyoingia kwenye mashine. Watu wakaja mbio kuona nani anaumia. Chengo, muuza mkaa, akacheza wa kwanza. Akashindwa. Beberu akatikisa kitambi, ua mzima ukaangua kicheko. Wakapanga foleni ili nao washindwe! Hata Odera alipanga, akashindwa mara nne, akacheza ngoma na beberu, kofia mkononi. Skrini yake ikabaki na kuku. Ufunguo ninao!

Jumapili, 10 Agosti
Nimelala katika chumba changu kipya. Sakafuni. Mueni amefunga mlango, anasema nirudi na hotuba ya baba yake, neno kwa neno. Lakini dirisha! Upepo! Wapita njia wanauliza kama hapa ndipo kwa Odera. Odera anawajibu ndipo, kisha anapigwa picha nao. Mama Kabibi ameandika ukutani kwa rangi: KWA ODERA. Inaniuma, lakini kodi ni kwa jina langu.

Funzo nimelipata. Nisimtie jirani kwenye mchezo, atapata sifa. Nitamtia mwenye nyumba. Mchezo wa pili una joka linalonyang'anya watu vyumba, lenye leso na pengo la Mama Kabibi. Hatajitambua. Kaseti ameniletea mwenyewe niirekebishe: sauti ya marehemu mumewe akiimba. Upande wa pili ni mtupu. Nadhani.