Njia ya Mazu, Toleo Lililosahihishwa

Jumanne, 8 Aprili

Krrraaa. Mlio huo hauniondoki masikioni. Ni kalamu nyekundu ya Bwana Ouyang, mhariri wa kampuni ya vitabu huko Taipei, ikiikata sura yangu ya tatu kutoka kona hadi kona. Sura bora kuliko zote! Humo nimeeleza njia atakayopita Mama Mazu, mungu wetu wa bahari, mwaka huu sanamu yake ikibebwa kwa machela kutoka hekalu letu hapa pwani ya Miaoli hadi Beigang: kila daraja, kila kituo cha mafuta, kila choo.

Bwana Ouyang akasema, kwa upole unaoudhi, kwamba hata mtoto wa chekechea anajua Mazu wetu hana njia ya kupangwa. Akifika njia panda machela inayumba, inatafakari, halafu inakwenda inakotaka. Mwaka jana ilikatiza ndani ya darasa watoto wakiwa kwenye mtihani. Nikikubali sura hiyo itupwe, atanichapishia kitabu. Kitatoka baada ya mwaka na nusu.

Mwaka na nusu! Pei-jung, niliyesoma naye chuo kikuu, tayari ana kitabu chake cha chemchemi za maji moto. Karatasi nene. Picha yake ukurasa mzima, anatazama mbali kama anayesubiri basi.

Nimekataa. Nitajichapishia mwenyewe, mtandaoni. Kitabu cha kusomwa kwenye simu kina jambo moja ambalo karatasi haina: nikikosea, nasahihisha.

Alhamisi, 10 Aprili

Kimetoka! Jalada nimechora mwenyewe. Mazu anafanana kidogo na karani wa posta. Sura ya tatu imo nzima. Nimeongeza kwamba siku ya tatu, mjini Xiluo, Mazu atasimama kwenye gereji ya pikipiki ya mama mdogo Hsiu-man. Hakuniomba. Ila alinilisha tambi kipindi chote cha tasnifu yangu.

Mama alisoma ukurasa mmoja kwenye simu, akauliza kitabu kiko wapi. Nikamwambia ndicho hicho. Akasema hilo ni tangazo. Kitabu, kwa mujibu wa mama, ni kitu unachoweza kuwekea sufuria.

Ijumaa, 11 Aprili

Mazu ametoka hekaluni. Fataki, moshi, kofia za rangi ya waridi za mahujaji hadi macho yanapoishia. Nafuata machela, simu mkononi. Njia panda ya kwanza: kitabu kinasema kulia. Machela ikayumba. Kushoto! Nikasahihisha huku natembea, nikamgonga bibi mwenye kikapu cha mayai yaliyochemshwa kwa chai. Badala ya kunitukana akanipa mawili. Akasema, "Mwanangu, tazama mgongo wa mwenzio, simu haina macho."

Adhuhuri. Wasomaji waliokipakua jana wote walikwenda kulia. Wako kwenye shamba la mananasi, mvua inawanyeshea. Mmoja amenipigia kuuliza Mazu atafika saa ngapi. Nikamwambia asubiri kwa imani. Mwenye shamba anawauzia mananasi na maturubai. Kitabu changu amekipa nyota tano. Ni yeye peke yake.

Jumamosi, 12 Aprili

Mpango mpya. Ikiwa kitabu kimeshindwa kumfuata Mazu, Mazu akifuate kitabu.

Mjomba Chin-fa ni mmoja wa wanaobeba machela. Nikamvizia akiwa amekaa ananyoosha miguu, nikampa popoo na chai baridi. Nikamwomba kesho, wakifika Xiluo, avutie kidogo tu upande wa gereji ya dada yake. Kidogo! Akatafuna. Akatema. Akasema, "Yi-chen, una digrii mbili na huna haya hata moja. Mimi ni miguu tu. Mwenye usukani yumo ndani." Kisha akawasimulia wenzake kwa sauti, nao wakanicheka mpaka kituo cha mafuta kilichofuata. Popoo hawakurudisha.

Na Pei-jung yupo! Anatembea bila jasho. Ameniambia amesoma kitabu changu mara tatu na kila mara kilikuwa kitabu kingine.

Jumapili, 13 Aprili

Aibu. Niandike haraka.

Tulivuka daraja la Xiluo, machela ikashika barabara ya mtoni, mbali kabisa na gereji. Nilikuwa nimeshatukanwa vya kutosha. Nikaketi kwenye kibaraza cha duka, nikaifuta gereji kitabuni, nikaandika kwamba Mazu hapiti mtaa ule kamwe. Nikabonyeza. Kuinua kichwa, barabara tupu!

Machela ilikuwa imegeuka ghafla. Iliingia mtaa wa mama mdogo, ikapitiliza mpaka ndani ya gereji, ikatulia katikati ya pikipiki zilizofunguliwa matumbo. Mama mdogo akainama, mikono imejaa mafuta hadi viwikoni, analia. Watu walipiga magoti mtaa mzima ili machela ipite juu yao, wapate baraka. Pei-jung alikuwa mstari wa mbele. Ikampita juu! Mimi nilikuwa mtaa wa pili, nasubiri mtandao.

Jioni mama mdogo aliuliza, taratibu sana, kwa nini kitabu changu kinasema Mazu hapiti kwake kamwe.

Jumatatu, 14 Aprili

Bwana Ouyang amepiga simu. Macho yake hayapatani na skrini, kwa hiyo Alhamisi alimwagiza katibu wake akichape kitabu changu kwenye karatasi. Na kwenye karatasi gereji ipo! Xiluo, siku ya tatu, kwa Hsiu-man. Jana alimwona Mazu humo kwenye televisheni, miwani ikamdondoka. Atanichapishia. Sura ya tatu yote, hata shamba la mananasi. Sharti ni moja: nikitoe mtandaoni, nisiguse kitu. "Hata nukta, Bi Kao Yi-chen. Hata nukta!"

Kitabu cha karatasi. Jina langu ubavuni mwake, kwenye rafu, watu wakipita. Nimelitaka hilo tangu nijue kusoma, na nusura nilifute kwa kidole changu mwenyewe. Somo liko wazi: ukishaandika, acha. Nimeliandika kwa herufi kubwa, nikalibandika juu ya kitanda.

Jumatano, 16 Aprili

Mkataba umefika. Nikagonga muhuri wangu, kisha nikausoma. Unanikataza kugusa kitabu hiki. Juu ya mwaka kesho hausemi lolote.

Pei-jung alikuja na keki za nanasi. Kwa heshima ambayo sijawahi kuisikia kinywani mwake, akanisihi niishie hapo. Mtu akishatabiri mara moja ikawa kweli, alisema, anafunga mdomo na kuzeeka vizuri. Ushauri wa maana sana. Niliusikiliza wote huku nachapa.

Njia ya mwaka kesho iko mtandaoni tangu saa nne asubuhi, kona kwa kona, kwa jina la mama mdogo. Nimeshaisahihisha mara mbili.