Jinsi Bi Uzoefu Alivyoiteka Sahani ya Saa Saba

Jongeeni, enyi mlioketi na enyi mliokosa viti! Mwenye sikio alisogeze, mwenye mtoto anayelia ambembeleze, na aliyeshiba ajikaze kidogo, maana habari hii ni nzito na walioshiba huielewa kwa taabu. Wako waliosimulia miji iliyozingirwa na wafalme waliopinduliwa. Hao tuwaachie wafalme wao. Mimi nasimulia sahani moja ya wali na kuku, na binti aliyeitwaa bila upanga, bila mshahara, na akiwa na kiatu kimoja tu kizima.

Ewe Njaa, mama wa werevu wote, mwalimu usiyetoa likizo, wewe uliyenifundisha hata mimi kunywa maji moto kwa kijiko ili yafanane na supu, nishike mkono nisimulie vyema, nisije nikaangusha punje moja njiani.

Palikuwa na ofisi ya bima katika ghorofa ya tatu, ambamo watu waliyaleta magari yao yaliyopondeka yakiwa yamegeuka makaratasi, nao waliomo humo wakayatazama makaratasi na kusema, “Rudi wiki ijayo.” Katika ofisi hiyo aliingia binti mmoja, mwanagenzi, aliyekuja kujifunza kazi na kuondoka na cheti. Siku ya kwanza aliuliza, kwa adabu zote alizofundishwa kwao, kama kuna chochote kitakachotolewa mwisho wa mwezi. Meneja akatabasamu tabasamu pana lisilo na kitu ndani.

“Hapa, binti, tutakulipa uzoefu.”

Basi tangu saa ile wakamwita Bi Uzoefu, na jina likamganda. Uzoefu ni kitu kizuri, sikatai. Lakini hebu nenda nao dukani, uuweke juu ya kaunta, uone kama utapewa hata njiti ya kiberiti.

Shujaa wetu aliishi kwa mama yake mdogo, fundi wa cherehani, mwanamke mwenye huruma nyingi na kitambaa kidogo. Kila asubuhi mama mdogo alimpa nauli ya kwenda, na juu yake noti moja, ya mwisho, iliyolainika kama jani la juzi. Noti ile ilikuwa na kazi mbili na haikuweza kuzifanya zote. Ukiila mchana, unarudi nyumbani kwa miguu. Ukiiweka kwa nauli ya kurudi, unashinda na tumbo linalonguruma mbele za wateja.

Bi Uzoefu alikwisha kujaribu njia zote. Alikula akatembea, tena na tena, hata kiatu chake cha kulia kikafumuka mbele, kikawa kinafunua kinywa kila hatua kama mtu anayeomba nafasi ya kuchangia mada. Jumatano akajaribu kutokula: akasinzia ameegemea mashine ya kutoa nakala, nayo mashine, isiyojua kubagua, ikatoa nakala safi za sikio lake la kushoto. Meneja akaziokota, akazitazama, akanena, “Ukisinzia tena hapa, mafunzo yako yamekwisha.” Na mara mbili ndani ya wiki ile Bi Uzoefu alimpigia simu mama yake mdogo kuomba nauli ya kurudi. Hapo ndipo yalipofika maji shingoni.

Asubuhi ile ya Alhamisi, siku ya vita, mama mdogo alimsimamisha mlangoni, pini zikiwa zimemjaa mdomoni kama meno ya pili.

“Mwanangu, mimi sikukatazi kujifunza,” akanena. “Ila mimi si benki, mimi ni cherehani. Noti ni hiyo. Leo ukinipigia simu ya nauli, kesho usiamkie ofisini. Amkia hapa, unishonee vifungo.”

“Mama mdogo, nimebakiza wiki tatu tu wanipe cheti!”

“Cheti kinaliwa?”

“Hakiliwi, mama.”

“Basi katafute kinacholiwa kwanza. Na huo mdomo wa kiatu uufunge, unatuaibisha.”

Akaufunga kwa uzi mweusi wa mama mdogo, akaiweka noti mfukoni, akatoka. Mwaliona shauri lenyewe? Ale kwa noti ile, kiatu hakifiki nyumbani, na simu itapigwa. Asile, atasinzia. Ilibidi apate chakula kisichonunuliwa, na siku yenyewe ndiyo hiyo.

Sasa nisikilizeni niwaeleze sheria ya nchi ile. Kila Alhamisi, Kamati ya Ustawi ilikutana kujadili viti, mapazia na sabuni. Na Mhasibu, mlinzi wa sanduku, mtu mwembamba aliyepumua kwa bajeti, alikuwa ametunga sheria isemayo hivi: kikao kikivuka saa saba, wote waliomo chumbani watalishwa na kampuni, kikiisha kabla ya saa saba, hata kwa pumzi moja, kila mtu na tumbo lake. Ikaonekana ni sheria ya ukarimu. Lakini mjanja yule alijua kwamba mwenyekiti wa kamati ni mzee aliyeitwa Bwana Kwa Ufupi, ambaye alipooa, husema watu, alimjibu shehe kabla hajaulizwa. Tangu sheria itungwe, hapana kikao kilichoigusa saa saba. Kila wiki Mama Birika, mkuu wa jiko, alisukuma toroli la chakula hadi mlangoni, akasimama nalo likitoa mvuke, na kila wiki Mhasibu akatoka akipunga mkono: “Rudisha kantini, kauze.”

Bi Uzoefu aliingiaje katika chumba hicho, naye si mjumbe? Kwa mlango ambao watu wenye mishahara huukimbia. Mwenyekiti aliuliza, “Nani ataandika kumbukumbu za kikao?” na wajumbe wote kwa pamoja wakavutiwa sana na dari. Yeye, aliyekwisha kuzisoma za kikao kilichopita asubuhi ile, akainua mkono. Mwandishi naye, jamani, yumo chumbani.

Vita vikaanza.

Bwana Kwa Ufupi akafungua kikao huku bado anaketi. Viti vikapita. Mapazia yakapita. Sabuni, ambayo katika ofisi nyingine ingekula asubuhi nzima, ikapita kwa neno moja: “Inunuliwe.” Saa ya ukutani ilikuwa bado inaivizia saa saba kwa mbali, na harufu ya kuku ikapenya chini ya mlango, ikamshika Bi Uzoefu shingoni kama ndugu aliyepotea.

Akarusha mkuki wa kwanza. “Mwenyekiti, naomba nisome kumbukumbu za kikao kilichopita, zote, taratibu, ili tusikosee.”

“Tuzihesabu zimesomwa,” akajibu Kwa Ufupi, na mkuki ukaanguka chini bila kumgusa mtu.

Akarusha wa pili. “Naomba wajumbe wanitajie majina yao kamili, niyaandike sawasawa.”

“Andika ‘wajumbe wote’.”

Ole! Mhasibu akakunja daftari lake, akaitazama saa, akatabasamu kwa meno ya juu tu. Nje, Mama Birika alisikika akimwambia toroli, “Haya, mwenzangu, safari yetu ya chini imewadia.” Tumbo la Bi Uzoefu likatoa mlio mrefu, na Katibu Muhtasi, aliyeketi karibu naye amevaa sweta mbili na skafu, akageuka kudhani ni kiti.

“Kwa ufupi,” akasema mwenyekiti akiinuka, “kama hakuna lililobaki...”

“Liko, mwenyekiti.”

Wote wakamtazama. Shujaa akasimama, kalamu mkononi.

“Mwandishi ana wajibu wa kutaja yatokanayo, yale yaliyoagizwa kikao kilichopita na hayajatekelezwa. Limebaki moja. Iliagizwa rimoti ya kiyoyozi irudishwe ukutani. Nimepita asubuhi kuangalia. Haipo.”

Macho yote yakamgeukia Mhasibu. Kwa maana hapakuwa na mtu ghorofa ile, tangu meneja hadi mlinzi, asiyejua kwamba rimoti ya kiyoyozi hulala katika droo ya Mhasibu, imefungiwa kama mali ya yatima, na kwamba yeye huiweka baridi mpaka chai inashika ngozi ya barafu.

“Hilo si la leo,” Mhasibu akasema upesi. “Saa inakwenda. Tufunge.”

Angenyamaza hapo, jamani, angeshinda! Lakini Katibu Muhtasi alikwisha kusimama, skafu ikimpepea kama bendera ya jeshi.

“Tufunge nini? Tufunge nini, baba? Mimi nina mafua tangu mwaka uanze! Mume wangu ananiuliza, mke wangu, unafanya kazi ofisini au buchani? Napiga chapa na glavu! Juzi mteja kanipa mkono, akauondoa, akaniuliza kama ninajisikia vizuri!”

“Dada, nakusihi, punguza sauti.”

“Sipunguzi! Punguza wewe baridi! Au unaogopa kusema mbele za watu kwamba rimoti unayo?”

“Mimi? Niogope?”

“Kwa ufupi,” akaingilia mwenyekiti, “unayo au huna?”

Ndipo Mhasibu, mlinzi wa sanduku, mtu aliyehesabu hata vibanio vya karatasi, akasahau saa. Akainuka, akakiweka kifua mbele, na kile kilichokuwa kimemkaa moyoni kikapata mlango.

“Kwa ufupi haiwezekani!” akanguruma. “Mnasema baridi, baridi! Mnajua joto linafanya nini kwa hesabu? Tarakimu hulegea! Nilipokuja ofisi hii palikuwa na feni moja, moja tu, nayo ikielekezwa kwa wageni. Nilifunga hesabu za mwaka mzima jasho likinidondokea kwenye leja, tarakimu zikaogelea, nikalala hapahapa, mke wangu akadhani nimeoa! Leo nimepata kiyoyozi, mnataka kuninyang’anya? Nitawaeleza historia ya hiki kiyoyozi tangu kiliponunuliwa!”

Akaieleza. Akaeleza risiti yake, fundi wake, mfereji wake uvujao. Katibu Muhtasi akamjibu kipengele kwa kipengele, akitoa leso kama vielelezo. Wajumbe waliotaka baridi wakagonga meza, waliotaka joto wakagonga zaidi ili wapate moto. Na katikati ya radi na vumbi Bi Uzoefu aliandika, kichwa chini, uso mtulivu, jicho moja likiwa ukutani ambako mkono mkubwa wa saa ulipanda, ukapanda, ukafika kileleni, ukashuka upande wa pili.

“Hodi humo ndani!” Mlango ukafunguka kwa kishindo cha toroli. Mama Birika akasimama kizingitini katika wingu la mvuke. “Saa saba imepita, wenyewe. Nipakue, au mnaendelea kupigana?”

Mhasibu akabaki mdomo wazi katikati ya neno “kompresa”. Akaitazama saa. Akajitazama mikono. Akatambua kwamba ngome yake mwenyewe ameibomoa yeye, tofali kwa tofali, tena kwa sauti. Lakini mshale mmoja ulikuwa umebaki katika podo, akamnyooshea shujaa wetu kidole.

“Sawa. Wajumbe na wale. Huyu si mjumbe. Huyu ni mwanagenzi, hayumo hata kwenye orodha ya mishahara!”

Moyo wa Bi Uzoefu ukashuka hadi kwenye uzi mweusi wa kiatu. Sahani zilikuwa zinapita mbele yake, na hakuna iliyosimama.

Bwana Kwa Ufupi akavua miwani. “Sheria ya chakula ameitunga nani?”

“Mimi.”

“Inasemaje? Wajumbe, au waliomo chumbani?”

Mhasibu akalikunjua daftari lake. “Waliomo chumbani.”

“Binti huyu yumo, au hayumo?”

Mhasibu akamtazama juu hadi chini, kama mtu anayetafuta kasoro katika risiti. “Yumo,” akasema, na neno lile lilimtoka kama jino.

“Apewe.”

Mama Birika akapakua kilima cha wali, akaweka juu yake paja la kuku, akaisogeza sahani hadi kifuani mwa mshindi. “Kula, mwanangu, usione haya. Haya haijawahi kumnenepesha mtu.”

Akala, enyi watu. Akala kwa utulivu wa waliopigana. Alasiri ile hakusinzia, na jioni akapanda basi kwa noti yake mwenyewe, akakaa dirishani na kukinyoosha kiatu chake mbele, kilichofumuka na kishujaa, bila kukionea aibu.

Mama mdogo alikuwa bado cherehanini. Hakuinua kichwa.

“Sikusikia simu.”

“Sikupiga.”

“Umetembea?”

“Nimepanda basi.”

“Basi hukula.”

“Nimekula wali, mama, na paja zima la kuku.”

Mguu wa mama mdogo ukaacha kukanyaga. Cherehani ikanyamaza. Akamkagua mwanawe machoni, akaona hakuna uongo, akazitoa pini mdomoni moja moja ili aseme vizuri.

“Haya,” akasema. “Kesho nenda tena.”

Piga ngoma, mpiga ngoma! Waandikao tarehe za dunia waache nafasi, na wazao wetu waambiwe: siku ile, kwa kalamu moja na rimoti isiyokuwapo, binti mmoja aliiokoa himaya yake ya noti moja isianguke, nayo ikasimama imara, tukufu, bila kutikisika, mpaka Ijumaa.