Injinia Ateka Picha za Harusi

Enyi mlioketi na mliosimama, wekeni vikombe chini mtege masikio, niwasimulie habari za Injinia, simba wa sebule, mshika rimoti asiyenyang'anywa, ambaye cheo hicho alijipa mwenyewe siku alipofaulu kubadilisha balbu.

Siku hiyo mama mkwe wake alikuwa asafiri, basi lake liondoke saa tisa. Harusi ya Injinia na binti yake ilimpita akiwa amelazwa hospitalini, na macho yake hayaoni tena vilivyomo kwenye simu. Aliomba jambo moja tu, aione harusi ile kwenye televisheni kabla hajaondoka.

"Mama, kaa kitako," Injinia akanena. "Kabla chai yako haijapoa, harusi yote itapita mbele yako."

Akachomoa flashi kwenye kompyuta, akaichomeka ubavuni mwa televisheni. Kioo kikajibu: Hakuna picha. Shujaa hakutetereka. Akaipuliza flashi. Akaigeuza juu chini, ikakataa kuingia. Akaizaba televisheni makofi ya kijemedari, kisha akabadilisha betri za rimoti zilizokuwa nzima kabisa. Hakuna picha.

"Televisheni hii ina njama," akaihutubia sebule, jasho likimtiririka. "Lakini imekutana na mwanamume."

"Lakini ulikopi picha zenyewe?" mkewe akauliza.

"Mke wangu, jemedari haulizwi kama amebeba mkuki."

Mkewe akaichukua flashi, akaifungua kwenye kompyuta. "Kila kilichomo humu kina kishale pembeni. Umekopi njia za mkato za kuzifungulia tu, mume wangu. Picha zenyewe zimebaki huku."

"Njia ya mkato," mama mkwe akarudia taratibu, akimtazama mkwewe. "Hata hapa."

Shujaa akaona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Mkewe akakopi upya, akachomeka, akamwachia rimoti kwa kumhurumia tu. Naye, kwa kidole gumba kitakachosifiwa vizazi na vizazi, akabonyeza OK.

Harusi ikajaa kioo kizima. Mama mkwe akainuka, akasogea karibu. Kwenye safu ya mbele palikuwa na kiti kitupu kilichotandikwa shali ya kijivu.

"Ile si shali yangu?"

"Ni yako, mama," binti yake akajibu. "Nilikataza mtu asikikalie."

Mama akaweka kiganja juu ya kile kiti pale kiooni, akalia bila kujificha. Saa tisa ikapita, basi likaondoka, na hakuna aliyelikumbuka.

"Si nilisema?" Injinia akatangaza, rimoti juu. "Kabla chai haijapoa."

"Ilishapoa," mkewe akasema.

Basi na iandikwe, maana mwenyewe atasimulia hivyo hivyo hadi kaburini: picha zilipogoma, mwanamume mmoja alibonyeza kitufe.