Malalamiko Kuhusu Mke Wangu Kuripoti Kazini Katika Kompyuta Zote za Ofisi ya Mifereji

Ofisi ya Mifereji,
Mit Abu Diyab.

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Kompyuta za Ofisi za Maji, Cairo,

Baada ya salamu na heshima zote unazostahili, naomba uisome barua hii ukiwa umeketi na chai iko karibu. Mimi ni Ramzi Abdultawab, mkaguzi mwandamizi wa zamu za maji. Nimebakiza muda mfupi nistaafu, na sijawahi kumlalamikia mtu kwa maandishi isipokuwa yule aliyetuuzia feni. Leo naulalamikia mtambo wako, ambao umemwajiri marehemu mke wangu bila kuniuliza.

Nieleze ilivyokuwa. Zamani kila kompyuta hapa ilikuwa na diski yake tumboni, ikiwa na mambo yake, virusi vyake na michezo yake ya karata. Ofisi yako ikamtuma Injinia Girgis, kijana mwenye adabu, akazing'oa diski zote. Sasa kompyuta zetu zinaamka asubuhi hazijijui, hazimjui mtu. Zinauliza kwa waya kwenye seva iliyo katika kichumba cha jirani na choo, na seva inazigawia zote nakala ya diski moja iliyomo ndani yake. Kazi tunazihifadhi huko huko kwenye seva, lakini chochote utakachobadilisha kwenye sura ya kompyuta yako hufutika ukiizima. Kesho yake zote zinaamka sawasawa kama mapacha.

Ili kupata hiyo diski moja, Injinia alihitaji kompyuta ya kunakili. Akapita meza baada ya meza, akaikuta yangu ndiyo pekee isiyo na virusi. Nakiri nilivimba kichwa siku hiyo. Alitakiwa aisafishe kwanza, aondoe mambo yangu binafsi, lakini ilikuwa Alhamisi alasiri na basi la mwisho la Tanta linajulikana halimsubiri mtu. Akainakili ilivyo, akaondoka. Jumapili, siku ya kwanza ya kazi huku, tulipowasha mashine, kompyuta zote za ofisi zilifunguka na picha ya mke wangu niliyokuwa nimeiweka kwenye kioo cha yangu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Jina lake limejulikana. Miaka yote ya utumishi wangu sikuwahi kulitamka mbele ya wenzangu. Nilisema "watu wa nyumbani" au "mama Wagdi" kama mwanamume yeyote wa huku mwenye haya. Sasa pembeni ya picha kuna folda niliyoifungua wakati anaumwa, imeandikwa "Dawa za Ikhlas". Hata Ammu Bayumi wa chai, ambaye hajui kusoma, ameshasomewa.

2. Anasalimiwa. Hamdi wa masjala akiingia anaanza na yeye: "Za asubuhi, Madamu Ikhlas. Umeamkaje? Naona kama jana tu." Kisha ndipo anasema, "Na wewe, Ustadhi Ramzi." Mimi nimekuwa wa kuongezewa mwishoni, kama chumvi iliyosahauliwa.

3. Uso alioukunja. Mheshimiwa, hapa inanilazimu kueleza jambo la ndani. Picha hiyo alipigwa Ras el-Bar, tulikokwenda kupunga upepo wa bahari. Nilikuwa nimenunua tikiti maji, muuzaji akataka kulipasua kwanza tulione, nikamkataza, nikamwambia mimi tikiti nalijua kwa kuligonga tu. Tulipolipasua ufukweni lilikuwa jeupe kama jibini. Mpiga picha akatokea wakati huo huo. Sasa Madamu Nagwa wa hesabu ameitazama picha hiyo wiki nzima, akanigeukia mbele ya watu: "Ustadhi, mwanamke hatazami hivi bure. Ulimfanya nini?" Nikasema ni tikiti. Akasema, "Wote husema ni tikiti." Wanawake wa ofisi wamekubaliana kwamba nilikuwa na mke wa pili.

4. Amenipokonya kazi. Kioo cha kompyuta ya dirisha la kwanza kinawatazama wakulima, ili waone zamu zao za maji. Hajj Metwalli alikuja kumshitaki jirani yake kwamba amemwibia maji. Akaanza kuapa, akaiona picha, akakatiza kiapo. Akamuuliza Hamdi kwa sauti ya chini, "Huyu mama ndiye mkaguzi mpya?" Hamdi, Mungu amsamehe, akajibu, "Ndiye. Endelea kuapa, Hajji, anakusikiliza." Hajji akavua kilemba, akasema, "Basi andika kwamba lango la mfereji nililifungua mimi. Mwambie asinitazame hivyo." Tangu hapo wakulima wanapanga foleni kwenye dirisha hilo tu, na wanasema kweli mmoja baada ya mwingine. Mkoa umetuandikia barua ya pongezi. Mimi nimekaa dirisha la pili maisha yangu yote ya kazi, na hakuna mkulima hata mmoja aliyewahi kuniambia kweli.

5. Haondoki. Nimeiondoa picha mara nyingi, nikaweka maua, nikaweka mfereji. Nikizima na kuwasha, amerudi. Alipokuwa hai pia hakuwa mtu wa kuambiwa atoke chumbani, lakini angalau ugomvi ule ulikuwa na mwisho. Usingizi mdogo wa baada ya sala ya adhuhuri, ambao ni haki ya mtumishi hata kama haumo kwenye kanuni, umenishinda. Nikifumbua jicho moja ananitazama kutoka kila meza.

6. Hali yake ya kiutumishi. Nimezipitia kanuni kwa makini. Mtu anayefika kabla ya wote, asiyeomba likizo, anayekaa meza zote kwa wakati mmoja na kusuluhisha kesi za maji ni mtumishi wa serikali, hata kama amefariki. Tunao waliofanya kidogo kuliko hapo wakiwa hai. Kwa hiyo ama mumpe cheo, na kwa kasi hii atakuwa juu yangu, jambo ambalo nyumbani tulishalizoea, ama mumwachishe kazi kwa heshima.

7. Na hili ndilo linaloniuma. Mwisho wa mwaka mimi naondoka. Yeye atabaki. Mke wangu atakaa ofisini bila mumewe, katikati ya wanaume, na Hamdi akiwa mmoja wao. Niambie, Mheshimiwa, ni mwanamume gani angekubali?

Kwa sababu hizo naomba uamuru picha ya mke wangu iondolewe kwenye seva upesi iwezekanavyo, iwekwe nembo ya serikali, ambayo haimkunjii mtu uso na haina mtu wa kuisalimia.

Nisalimie wote wa idarani kwako, karani atakayeipokea barua hii, na yule atakayeipoteza. Huku wote wazima, na maji yamefika hadi mfereji wa mwisho.

Wako katika utumishi na subira,
Ramzi Abdultawab

Tanbihi: Barua hii ilikuwa bado haijapigwa muhuri Injinia Girgis alipokuja kukagua waya. Hamdi akamweleza. Kijana akashika kichwa: "Ustadhi, kwa jambo hili unaandikia Cairo? Si ungenipigia simu tu." Akaingia kichumbani, na kabla chai yake haijapoa alikuwa amemaliza. Picha na ile folda akanitilia kwenye flashi, akaniwekea mkononi, akaniomba radhi kama mwanangu.

Leo asubuhi mashine zote zimeamka na rangi ya kijani na nembo. Hamdi ameingia, ameketi, akavuta majalada yake. Madamu Nagwa ameniuliza kama nimefurahi, nami nikainamia daftari la zamu. Jirani yake Hajj Metwalli amekuja dirishani, akaapa uongo tangu mwanzo hadi mwisho, akaenda zake.

Jioni nimeichomeka flashi kwenye televisheni. Ametokea mkubwa, amekunja uso vilevile. Nimemwambia habari za jioni. Nyumba ilikuwa kimya, Mheshimiwa. Hapa nyumbani hakuna anayemsalimia ila mimi, na sauti yangu alikwisha kuichoka zamani. Kule ofisini alikuwa na watu. Nimemkosa mara ya pili, na safari hii nimemwondoa kwa mkono wangu.

Nimempigia Injinia simu, nikamwomba amrudishe. Anasema amekwisha kuifunga diski hiyo, na hataigusa tena bila barua kutoka Cairo. Ndiyo maana barua hii naituma. Tafadhali yafute malalamiko yote saba na uamuru arudishwe kama alivyokuwa, pamoja na folda yake. Mimi nikistaafu nitapanga foleni na wakulima, dirisha la kwanza.