Neno Linalowakimbiza Wauguzi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimegundua neno. Nilipeleka shuka wodi ya wanaume. Nikiwa bado nasubiri mtu wa kunisainia, daktari wa zamu akasimama kitanda cha tano na kutangaza kwamba mgonjwa ana-deteriorate. Neno moja tu! Wauguzi watatu wakatoka mbio, mmoja akaacha kiatu. Kufumba na kufumbua: mtungi wa hewa, dripu, daktari wa pili. Mzee wa watu akafungua macho na kuuliza kelele zote hizi za nini.

Nikamuuliza karani wa wodi maana yake. Akasema ni kitu kuzidi kuharibika kidogo kidogo. Mgonjwa, ukuta, barabara, hata ndoa. Nikasema, kumbe ni kuzorota tu. Akanitazama kwa huruma.

Kuzorota! Miaka miwili naandika kwenye daftari la matengenezo kwamba mashine namba mbili ya kufulia inazorota. Hakuna aliyekimbia. Hakuna hata aliyetembea.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimelijaribu neno. Asubuhi nimeandika kwamba mashine namba mbili is deteriorating. Saa tano wakatua mafundi wanne, wawili na kofia ngumu. Saa nane mashine inazunguka. Fundi mkuu kaniita mheshimiwa!

Mama Pasi akauliza nimewahonga nini. Huyu ndiye msimamizi wetu wa chumba cha kufulia. Miaka kumi na tisa amekalia kiti kimoja, chenye mto, karibu na dirisha, mbali na mvuke. Mimi naibu wake nakalia ndoo. Miaka saba ya ndoo! Mgongo wangu nao una-deteriorate, lakini nani atauandikia barua?

Wazo limenijia nikikunja foronya. Kama neno limeinua mashine, litashindwa kumshusha mtu?

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimeanza uchunguzi. Kwa faida ya hospitali, bila shaka. Mama Pasi katafuta miwani robo saa, iko kichwani. Kahesabu foronya mara mbili (mimi sihesabu hata mara moja, ila hilo si hoja). Kapumzika mara tatu kwenye ngazi, amebeba furushi ambalo, kusema kweli, lilikuwa langu.

Jioni nikamsomea mke wangu uchunguzi huo. Akasema nimwache mama wa watu, ndiye aliyetushonea nguo mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa. Nikamjibu kwamba mambo ya kazini hayaelewi. Akasema akili yangu ndiyo ina-deteriorate. Nimejuta kumfundisha.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Barua imekwenda kwa daktari mkuu, nakala kwa muuguzi mkuu. Fupi, yenye adabu: hali ya msimamizi wa chumba cha kufulia is deteriorating rapidly. Hiyo rapidly, yaani kwa kasi, nimeongeza mwenyewe, barua ipate uzito.

Nilitegemea kikao. Kamati. Barua ya kumstaafisha kwa heshima, hotuba mbili, picha ya pamoja. Nikasahau kwamba hii ni hospitali! Dakika nne tu, wakaingia na machela. Mama Pasi alikuwa anapiga pasi koti la daktari mkuu. Wakamnyang'anya pasi, wakamlaza, wakamfunika pua na mdomo kwa kile kifaa cha hewa. Akapiga kelele kwamba ni mzima. Muuguzi mkuu akasema hiyo nayo ni dalili.

Nimeambiwa nikaimu. Nimekalia kile kiti. Mto ni laini kuliko nilivyowaza. Nimeona aibu kidogo, kama dakika moja hivi.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Siku ya kwanza ya uongozi! Nimeagiza ubora uonekane: kila kitu kitiwe wanga. Shuka, foronya, nguo za wagonjwa, magauni ya upasuaji. Wafuaji wakauliza kiasi gani. Nikasema kiongozi haulizwi vipimo. Wakamimina gunia zima.

Saa tisa. Shuka hazikunjiki. Tumezibeba wodini zimesimama, kama milango. Mzee wa kitanda cha tano ameomba arudishiwe ile chafu. Daktari wa upasuaji kavaa gauni, mikono ikagoma kushuka. Ameingia chumba cha upasuaji mikono juu, mgonjwa akadhani amevamiwa. Ngiri yake imeahirishwa.

Muuguzi mkuu kaja mwenyewe. Akasema tangu jana chumba hiki kime-deteriorate. Neno langu! Nani kampa ruhusa?

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Majibu ya Mama Pasi yametoka. Wamempima moyo, figo, macho, sukari. Vyote salama. Daktari mkuu ameandika, akapiga na muhuri, kwamba mama huyu ana afya ya kufanya kazi miaka kumi mingine. Miaka kumi! Nimempatia mimi, kwa mkono wangu mwenyewe. Isitoshe amelala siku mbili na anang'aa.

Na mimi nimepata barua. Jumatatu nikajieleze kwa nini nisifukuzwe. Imeandikwa kwa Kiswahili safi. Barua ya kukufukuza hawaihangaishi na Kiingereza, wanataka uielewe mara moja.

Nimempa mke wangu aisome. Hakunicheka. Akakaa kitandani na kuuliza watoto watakula nini. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Ofisini kwa daktari mkuu. Barua yangu mezani, koti lake, lenye wanga wangu, bado halijalegea. Nikaanza kujieleza. Akachukua kalamu.

Mara akaingia Mama Pasi, bila kuitwa. Akasema barua ile alinituma yeye. Alikuwa na kizunguzungu wiki nzima, akaona haya kwenda kwa daktari, akaniomba nimwandikie. Uongo mtupu, na macho makavu! Akaongeza kwamba kwenye wanga mkono wangu hauna kipimo, lakini hospitali nzima hakuna anayekunja foronya kunizidi, na nina watoto. Daktari mkuu akaweka kalamu chini. Nimerudi kwenye ndoo yangu, na kazi ninayo.

Tukatoka pamoja hadi kwenye korido. Yeye akasema amepata vipimo vya bure, hana ugomvi na mtu, na nikachukue furushi la wodi ya watoto. Nilitaka kumwomba radhi, nikaishia kwenda kulibeba furushi.

Nimelifikiria jambo hili njia nzima hadi nyumbani. Mtu amemjua adui yake. Amemshika pabaya. Halafu anamwachia! Anamtetea! Anamdanganya daktari mkuu mchana kweupe kwa ajili ya mtu aliyempakia kwenye machela! Mwenye akili timamu hafanyi hivyo.

Wamempima moyo, figo, macho na sukari. Kichwa hakuna aliyekigusa.

Kesho asubuhi naandika barua.